Mdomo wa Moro, Lafudhi ya Roma na Havana

Tuanze na jambo lenyewe, stori zitafuata. Kama umekulia Kihonda, Mji Mpya, Mafiga, Bigwa au kule juu Mgeta, na sasa unakomaa na Kihispania au Kiitaliano, mdomoni unao mtaji ambao mchizi wa London hana. Irabu zako tano, a, e, i, o, u, ndizo hizohizo za Kihispania. Kwa Kiitaliano nazo zinakufikisha mbali kinoma. Mwingereza akijaribu kusema "no", ulimi unamteleza, inatoka "nou". Wewe unaitoa kavu, ileile "no" ya kwenye "noma". Hapo umeshamaliza.

Sasa mbona wengi wetu tukifungua mdomo tunasikika kama tumejifunzia Manchester? Jibu liko kwenye njia tuliyopita. Lugha ya kigeni tuliyoikuta shule ni Kiingereza, programu nyingi za simu zinafundisha Kihispania kupitia Kiingereza, na video tunazopakua zinaongozwa na Wamarekani. Kwa hiyo mtu wa Moro anaziacha irabu zake safi nyumbani, anaazima za Mmarekani, halafu hizo ndizo anazokwenda nazo Madrid. Huko ni kuzungukia Dodoma wakati unakwenda Mikese.

Mimi msimamo wangu ni huu: toa Kiingereza mdomoni, anza na Kiswahili chako, kisha rekebisha vile vitu vichache ambavyo Kiswahili hakina au kinavifanya tofauti. Vitu vyenyewe vinahesabika, na kila kimoja kina dawa yake.

Mchongo upo hapahapa

Kuna wana wanauliza, Kiitaliano kinanisaidia nini Moro? Mwanangu, soma ramani. Kiwengwa kule Zanzibar kumekuwa na hoteli za Waitaliano miaka nenda rudi. Siku hizi kuna watalii wanaopanda ndege ndogo asubuhi kutoka Unguja, wanatua Mikumi, wanaangalia tembo na simba, jioni wanarudi ufukweni. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inamtoa mtu Dar na kumshusha Moro kwa takriban saa mbili. Wanaokuja na begi mgongoni wanataka kupanda Morningside, kupita Choma, kuyaona maporomoko ya Hululu kule Mgeta, kunusa mdalasini na iliki za Kinole. Wa kuwapandisha ni kijana wa hapa, anayeijua milima.

Na mkoani kwetu kuna Waitaliano wa muda mrefu. Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa kwa ushirikiano na jumba la makumbusho ya sayansi la Trento. Mwitaliano Francesco Rovero ni mmoja wa wanasayansi waliomtangaza kwa dunia sange mwenye uso wa kijivu mwaka 2008, mnyama wa misitu hiyohiyo. Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzia Torino mwaka 1901, wana seminari yao hapa Moro. Padri au sista aliyesoma Roma ukimfuata kwa heshima baada ya misa, anaweza kukusikiliza dakika chache akakwambia umeteleza wapi. Huyo ni mwalimu, na yuko jirani.

Wazee walishakiwasha

Kwa upande wa Kihispania, Moro ina heshima ambayo madogo wengi hawaijui. Mwaka 1948 Salum Abdallah alianzisha bendi hapa mjini akaiita La Paloma, jina la wimbo wa Kihispania uliozunguka dunia nzima. Mwaka 1952 bendi ikawa Cuban Marimba. Inasimuliwa kwamba mwamba aliwahi kutoka nyumbani kwa nia ya kufika Cuba kabisa, safari ikamwishia Mombasa. Alichokuwa nacho ni santuri za Cuba zilizokuwa zikizunguka Afrika Mashariki, na masikio makali. Cuban Marimba ikachuana na Morogoro Jazz, ambako baadaye Mbaraka Mwinshehe alitamba, na mji kasoro bahari ukapata jina kubwa kwenye dansi. Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Ngoma zake bado zinapigwa.

Cheki njia aliyopita: sikio lilitangulia. Alizisikiliza santuri mpaka mapigo yakamkaa mwilini. Vijana wa Malindi na Watamu kule Kenya nao wamepita njia hiyo. Waitaliano walijenga kituo cha kurushia roketi cha San Marco karibu na Malindi miaka ya 1960, na mwaka 1967 setilaiti ya Italia ikarushwa kutoka pale. Baada ya hapo wakaja watalii, wakaja wenye nyumba, na vijana wa ufukweni wakaidaka lugha kwa kuisikia. Wengi wao hawakupitia darasa lolote, lakini mdundo wa Kiitaliano wanao. Sisi tulioanza na programu ya simu tuna sarufi na orodha ndefu ya maneno. Tunachokosa ni mdundo.

Panapotuangusha

Kwanza ni mkazo. Kiswahili kina sheria moja: bonyeza silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania na Kiitaliano mara nyingi hubonyeza hapohapo, ndiyo maana "casa", "amico" na "Barcelona" zinatutoka fresh. Noma inaanzia kwenye maneno yanayoruka. Twende kwenye mpira. Sisi tunasema na-PO-li, wenyewe wanasema NA-po-li. Sisi ma-LA-ga, wenyewe MA-la-ga. Sisi atle-TI-ko, wenyewe at-LE-ti-ko. Yaani kila wikiendi unataja timu na mkazo umeuweka siko. Ni vilevile kwenye maneno ya kila siku: te-LE-fo-no, MU-si-ca, NU-me-ro. Mengine yanabonyezwa mwisho kabisa, kama "caffè" na "città". Kihispania kinakupa msaada, kwa sababu mkazo ukitoka nje ya kanuni zake kinaweka alama: "teléfono", "música", "café". Kiitaliano kinaweka alama kwa lazima pale mkazo unapoangukia mwishoni tu. Kwa hiyo neno jipya la Kiitaliano usilidake kwa macho. Lisikie kwanza.

Pili ni konsonanti mbili za Kiitaliano. Totti, Buffon, Gattuso, Baggio: umewaita miaka yote, lakini je, zile herufi mbili unazisikia? Mwitaliano anazisikia, na zinabadilisha maana. "Pala" ni koleo, "palla" ni mpira. "Nono" ni wa tisa, "nonno" ni babu. "Sete" ni kiu, "sette" ni saba. Ukimwambia mtalii mnaondoka "alle sette", yaani saa moja asubuhi kwa saa zetu, hizo t mbili lazima zisikike. Na ukitaja umri wako, "anni" bila kuishikilia n inageuka sehemu ya mwili isiyotajwa mbele za watu.

Kinachotuponza ni kwamba sisi huvuta irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho, basi "nonno" inatoka "noono". Fanya kinyume: irabu ifupishe, konsonanti ishikilie. Na Kiswahili kinakupa pa kuanzia. Sema "nne". Ile n umeishikilia bila kufundishwa na mtu. Iwekee a mbele na i nyuma, umepata "anni". Sema "mmea". Ile m ndiyo ya "mamma". Kwa t, p na k, ziba hewa, kaa kimya kidogo, achia: "not-te", "cap-pello", "boc-ca". Ukimya huo ni sehemu ya neno, usiuonee haya.

Tatu ni irabu za kuongeza. Kiswahili kinapenda silabi iishie na irabu, ndiyo maana "hotel" tuliipa i tukapata hoteli. Kihispania kinataka ubaki na "hotel", "Madrid", "señor", "usted". Ulimi ukifika kwenye konsonanti ya mwisho, uache hapohapo, usiufungue. Konsonanti zikifuatana, kama "tres", "Francia" au "strada", usipenyeze irabu katikati ikawa "teres". Anza polepole, kisha ongeza mwendo. Na h ya mwanzo inakaa kimya kwenye lugha zote mbili: "hola" ni "ola", "Habana" ni "abana", "ho" ya Kiitaliano ni "o".

Nne ni m na n za katikati, na hapa wengi hata hawajui kama kuna tatizo. Sema "tembo". Umekata te-mbo, ile m umeipeleka mbele ikaungana na b. Sasa sema "tempo" ya Kiitaliano. Wenyewe wanakata tem-po, m inaifunga silabi ya kwanza. "Bambino" ni bam-bi-no, "quando" ni kwan-do, "grande" ni gran-de. Funga mdomo kwenye m, pumua nusu, ndipo uendelee. Ukilipata hili, sentensi nzima inabadilika sura.

Tano ni b, d na g. Shika koromeo lako useme "baba" kwa nguvu. Wengi wetu koromeo linashuka, maana b ya Kiswahili huvuta hewa ndani kidogo. Mhispania na Mwitaliano hawavuti. Dawa ipo: sema "mbu". Hapo b imekuja baada ya m, na haivuti hewa. Chukua b hiyo, sema "mmm-bello", kisha ondoa m ubaki na "bello". Fanya hivyohivyo na d ya "ndani" na g ya "ngoma". Mtaalamu wa sauti James Flege aliandika mwaka 1995 kwamba sauti zinazofanana na zetu ndizo zinazotusumbua sana, kwa sababu sikio linaona ni zilezile, haliendi kutafuta tofauti. B ndiyo mfano wake halisi.

Sita, kwa wale wanaochanganya l na r, na kitaani tupo wengi. Kihispania kina utatu usiosamehe: "pelo" ni nywele, "pero" ni lakini, "perro" ni mbwa. L ulimi unatulia nyuma ya meno, r moja unagonga mara moja, rr unatetemeka. Nenda nayo hivyohivyo, pelo, pero, perro, mpaka masikio yako mwenyewe yaone tofauti.

Ulichopewa bure

Sasa shusha presha, maana kuna sauti ambazo Mwingereza anazihangaikia na wewe unazo tangu utotoni. Ny ya "nyanya" ndiyo ñ ya "España" na gn ya "bagno". Ch ya "chai" ndiyo ya "mucho" na "ciao". Angalia tu maandishi: kwa Kiitaliano "che" inasomwa "ke".

Kisha kuna zile sauti ambazo walimu wa Kiswahili walikuwa wanazikazania, na sisi tukaona ni za watu wa Pwani tu. Th ya "thelathini" ndiyo inayotamkwa sehemu kubwa ya Hispania kwenye "gracias" na "Barcelona". Kh ya "kheri" ndiyo j yao ya "trabajo". Dh ya "dhahabu", ukiilegeza, ni d ya "nada". Gh ya "ghali", ukiilegeza, ni g ya "amigo". Na b ikikaa katikati ya irabu, midomo inakaribiana bila kubanana. Kwa hiyo ukikaza Kiswahili sanifu, umekaza na Kihispania humohumo. Kiitaliano hakilegezi: d na g zinabaki ngumu, bila kuvuta hewa.

Ukipenda ya Cuba na Amerika ya Kusini, hiyo th inakuwa s, na Cuba kh inalainika ikawa h. Mtu wa bara anayesema "heri" yuko nyumbani kabisa Havana. Kikubwa chagua moja. Ukichanganya Madrid na Havana ndani ya sentensi moja, sikio la msikilizaji linayumba.

Kiitaliano kina e mbili na o mbili, za wazi na za kubana. Usizipe kipaumbele sasa. Waitaliano wenyewe wanapishana kutoka mkoa hadi mkoa.

Ratiba ya geto

Mazoezi hayahitaji mshiko mkubwa, yanahitaji kukomaa. Pakua sauti fupi ya mzungumzaji mmoja unayemkubali, sekunde kama kumi tu. RAI ya Italia na RTVE ya Hispania wana redio mtandaoni bure. Vatican News inatoa habari kwa Kiswahili, Kiitaliano na Kihispania, kwa hiyo unaweza kusoma habari kwa Kiswahili ukajua maana, kisha ukaisikiliza kwa lugha unayoitafuta.

Sikiliza bila kusema kitu, mpaka ujue wapi sauti inapanda na wapi inashuka. Halafu sema pamoja naye, neno juu ya neno, ukimfuata kama kivuli. Usikimbilie maana, fuata mapigo. Gonga meza kwenye kila mkazo. Kisha jirekodi kwenye simu, uweke sauti yako na yake zifuatane. Hapo ndipo ukweli unapoonekana. Shika kosa moja tu kwa wiki: wiki hii konsonanti mbili, wiki ijayo mkazo. Ukishika yote kwa pamoja utasanda.

Imba pia. Wimbo unakubana kwenye mapigo, huna nafasi ya kuvuta silabi isiyovutwa. Salum Abdallah angekukubali.

Na panda mlima. Njia ya Morningside ni darasa tosha. Taja kila unachokiona kwa sauti: "montaña", "río", "cascada", "árbol" kwa Kihispania, au "montagna", "fiume", "cascata", "albero" kwa Kiitaliano, ukikumbuka AR-bol na AL-be-ro. Jifunze sentensi za kazi. "Attenzione, si scivola", yaani angalia, panateleza. Mkazo uko kwenye SHI: SHI-vo-la. Kwa Kihispania, "cuidado, resbala". Mvua ikipiga milima ya Uluguru na udongo ukalainika, mgeni aliye nyuma yako anategemea hayo maneno yamfikie mara moja. Hapo lafudhi inageuka usalama.

Lafudhi na heshima

Usiruhusu mtu akukatishe tamaa kwa sababu unasikika Mtanzania. Watafiti Murray Munro na Tracey Derwing wa Canada walionyesha mwaka 1995 kwamba mtu anaweza kuhesabiwa kuwa na lafudhi nzito ya kigeni, na bado kila neno lake likaeleweka. Lafudhi ni kitu kimoja, kueleweka ni kingine. Mwaka 1998, wakiwa na Grace Wiebe, walilinganisha wanafunzi wa Kiingereza waliofundishwa sauti mojamoja na waliofundishwa mkazo, mapigo na mwendo wa sentensi. Ilipofika kusimulia stori kwa maneno yao wenyewe, waliofundishwa mapigo ndio walioongeza kueleweka. Ndiyo maana nimeanza na mkazo, r nikaiweka mwishoni.

Kwa hiyo lengo letu lisiwe kujifanya umezaliwa Napoli. Lengo ni "sette" ifike ikiwa saba, "pero" ifike ikiwa lakini, na anayekusikiliza asichoke. Umoro wako ubaki. Mgeni aliyelipa nauli kuja Uluguru amekuja kukutana na mtu wa Uluguru.

Na kuna kazi nyingine mbele yetu wana. Masomo ya lugha hizi yanayoanzia kwenye mdomo wa Mswahili ni machache mno. Nani amewahi kukuambia kwamba n ya "nne" inafungua "anni", au kwamba gh ya "ghali" inafungua "amigo"? Ukiyashika haya, usiyafungie geto. Rekodi video kwa Kiswahili, mfundishe dogo wa Bigwa, mtumie mwana aliyeko Mikumi au Kiwengwa sauti ya kujipima nayo. Tukianza kufundishana kwa lugha yetu, kijana anayekuja nyuma hatalazimika kupitia mdomo wa Mmarekani ili aongee na Mwitaliano aliyesimama naye stendi ya Msamvu.